Rangi ya Visanduku vya Bibi

Kila asubuhi, kabla ya uji, Bibi alifungua kisanduku cha njano akatoa kidonge kimoja. Jioni alifungua kisanduku chekundu akatoa kingine. Hakujua kusoma, lakini rangi alizijua, na hakutaka mtu amwekee dawa mkononi kama mtoto.

Visanduku hivyo alitengenezewa na mwanawe, ambaye ni seremala. Rangi ya dukani hakuitumia, kwa sababu harufu yake humkohoza Bibi mpaka machozi yanamtoka. Basi seremala akaingia jikoni. Alichemsha binzari akapaka kisanduku cha kwanza, kikawa cha njano. Akaponda bitiruti, akapaka cha pili kwa maji yake, kikawa chekundu. Mkewe alikuta sufuria zake zote zina madoa.

"Mume wangu," alisema, "umehamia jikoni au unapita tu?"

Visanduku vikawekwa dirishani penye jua, ili Bibi avione vizuri. Kidonge cha asubuhi kilikuwa cha presha. Ukikimeza, utakojoa mara kwa mara mpaka njia ya chooni uizoee. Kidonge cha jioni kilikuwa cha maumivu ya miguu, nacho kilileta usingizi mzito.

Wiki tatu zilipita salama. Kisha mambo yakaenda kombo.

Asubuhi moja Bibi alisinzia mbele ya bakuli la uji, kijiko kikiwa mkononi. Kufika saa nne alikuwa anakoroma. Usiku wake ukawa ni wa kwenda chooni na kurudi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu aliinuka kitini, akapepesuka, akaliangukia kabati. Bahati nzuri aliumia goti tu.

Seremala alifungua visanduku vya dawa. Pakiti ya vidonge vya asubuhi ilikuwa ndani ya kisanduku chekundu. Ya jioni ilikuwa ndani ya kile cha njano.

"Mama, umezihamisha dawa?"

"Mimi? Sijahamisha kitu."

"Sasa nani kazihamisha?"

"Nitajuaje, mwanangu? Mimi nafungua cha njano asubuhi na chekundu jioni. Ndivyo ulivyonielekeza."

Mke wa seremala aliapa kwamba hakugusa dawa. Seremala naye hakuwa amezigusa. Wote wawili wakamtazama Bibi, halafu wakatazama chini. Bibi aliyaona macho yao. Hiyo ndiyo sehemu iliyomuuma kuliko goti.

"Labda ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Labda nimezihamisha na sikumbuki. Akili imeanza kuniaga."

"Usiseme hivyo, Mama," mkwewe alimwambia. "Ila dawa tutakuwekea sisi. Ni kwa usalama wako."

Bibi hakubisha. Mtu ambaye miaka yote hubishia hata bei ya chumvi, siku hiyo alivisukuma visanduku kwa mwanawe. Seremala angependa abishe.

Alivichukua visanduku akatoka navyo. Mlangoni vidole vyake vikagusa kifundo cha mti, kwenye pembe ya kisanduku chekundu. Akasimama. Kifundo hicho alikijua, kwa maana ndicho kilichokaribia kuvunja patasi yake. Na kisanduku chenye kifundo alikuwa amekipaka binzari. Alikumbuka kabisa.

"Mke wangu, hebu njoo! Hiki kilikuwa cha njano."

"Hicho? Mbona ni chekundu?"

"Ndicho ninachokuuliza."

"Basi umesahau wewe."

"Sijasahau! Kifundo hiki hapa!"

"Sasa nawe umeanza?" mkewe alisema, na hakuwa anatania sana.

Walikaa kwenye ngazi za mlangoni, visanduku vikiwa mapajani, kila mmoja akimshuku mwenzake na kujishuku mwenyewe. Kama dawa hazikuhamishwa, basi rangi ndizo zilizohama. Lakini rangi inahamaje?

Jirani yao alikuwa anapita na ndoo. Kazi yake ni kutia nguo rangi, na mikono yake haijawahi kuwa ya rangi moja. Mtaa mzima ulimwita Mama Madoa, naye aliitika bila kinyongo.

"Mbona mmekaa kama mnasubiri kesi?" aliuliza.

Walimweleza yote. Mama Madoa alikinusa kisanduku kimoja, kisha kingine.

"Nani aliviosha hivi?"

"Sikuviosha," alisema mke wa seremala. "Nilivifuta tu vumbi kwa dodoki, nje, jioni giza limeshaingia, nikavirudisha dirishani nikaondoka kwenda sokoni."

"Dodoki lilikuwa na sabuni?"

"Ya mche. Vumbi lilikuwa limeganda."

"Lini?"

Mke wa seremala alihesabu kwa vidole. Akaishia kwenye siku moja kabla Bibi hajasinzia mbele ya uji. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Nileteeni binzari na kipande cha ubao," alisema Mama Madoa.

Alipaka ubao binzari, ukawa wa njano. Kisha akasugua kidole kwenye sabuni yenye maji na kukipitisha juu ya ubao. Pale pale ukatokea mstari mwekundu kama tofali.

"Toba!" seremala aliruka.

"Binzari ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu. Bitiruti ikikutana na sabuni wekundu wake hukimbia, inabaki kitu cha njano njano. Tena hiyo yako jua lilikuwa limeshaifubaza. Visanduku vyenu vimebadilishana rangi."

Seremala hakusikia zaidi. Alikimbia ndani, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi.

"Mama, nisamehe. Si akili yako. Ni rangi yangu."

Ilibidi amweleze mara tatu. Bibi hakuelewa mara moja, na nani angeelewa? Alipoelewa alilia. Kisha akafuta uso kwa upande wa khanga na kusema, "Nilijua sijahamisha kitu!" Mkwewe naye alimwomba radhi, na akapewa msamaha baada ya kusemwa kidogo.

Siku ile ile walikwenda zahanati. Muuguzi alimpima Bibi, akawapa onyo. "Mtu akikosea dawa, asiongeze kidonge wala asiruke cha pili kwa kubahatisha. Njooni muulize."

Waliporudi, seremala alimwuliza Mama Madoa, "Sasa nipake nini kinachodumu?"

"Usiniamini mimi, uamini ubao," alijibu. "Chukua vipande vya mti ule ule. Paka kila kimoja rangi yake. Funika nusu kwa karatasi ngumu, weka dirishani wiki mbili. Pembe moja uifute kwa sabuni. Ndipo uchague."

Alimfundisha pia kutengeneza rangi nyeusi. Walitia stilwaya, ile ya kusugulia sufuria, ndani ya siki, kwenye chupa yenye kifuniko kilicholegezwa, maana hutoa hewa na ikibanwa chupa inaweza kupasuka. Waliiweka juu, mbali na watoto. Baada ya siku chache seremala alipaka ubao chai kali, akaacha ukauke, kisha akapaka ile siki. Ubao ukawa mweusi huku anautazama. Aliurudia mara mbili, kwa mshangao tu.

Baada ya wiki mbili waliondoa karatasi. Binzari ilikuwa imepauka upande wa jua, na pembe ya sabuni ilikuwa nyekundu. Bitiruti ilikuwa imebaki jina. Chai peke yake ilififia kidogo. Ubao wa chai na siki ulibaki mweusi, nusu zote mbili.

"Ukikauka kabisa, paka vanishi," alisema Mama Madoa. "Vanishi huzuia maji na sabuni. Jua haizuii lote, kwa hiyo usipake binzari ukadhani vanishi itakuokoa. Na rangi usiiachie kazi yote. Macho huchoka. Mpe Bibi kitu cha kushika."

Seremala alitengeneza visanduku vipya. Cha asubuhi alikiacha na weupe wa mti wake, akachonga mfuo mmoja kwenye kifuniko. Cha jioni alikipaka nyeusi, akachonga mifuo miwili. Ndani hakupaka kitu. Vanishi aliipakia karakanani, akaviacha huko mpaka harufu ikaisha kabisa. Bibi alivipapasa akiwa amefumba macho, akataja kila kimoja bila kukosea.

Tangu hapo hajasinzia kwenye uji. Presha yake imeshuka, na usiku analala.

Mwezi uliofuata walirudi zahanati. Muuguzi alifungua kadi, akamgeukia seremala.

"Nyumbani nani anampa dawa?"

Seremala alifungua mdomo. Bibi alimshika mkono.

"Niulize mimi, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Dawa zangu nazinywa mwenyewe."