Leseni ya Kunifikisha Kazini Tu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, naishi Brooklyn Park, hapa Amerika. Kazi yangu ni kutunza wazee huko Columbia Heights. Kanisani nilikuwa kiongozi wa akina mama. Kiongozi! Laiti ningekuwa muumini wa kawaida, pengine ningefungua mdomo...

Kiangazi cha 2014 nilikunywa mvinyo kwenye sherehe ya mahafali, nikajidanganya kwamba nyumbani ni karibu. Polisi wakanisimamisha. Nilipatikana na hatia ya kuendesha gari nikiwa mlevi, leseni ikachukuliwa, kisha nikapewa nyingine yenye masharti: kwenda kazini na kurudi tu, kwa saa walizopanga. Nikikamatwa nikiendesha kwingine ningeipoteza, na kazi nayo.

Sikumwambia mtu. Nikikosa ibada, nilisingizia zamu. Nani angekubali kuombewa na mlevi?

Halafu mume wa Kerubo akafariki ghafla. Kerubo ndiye rafiki aliyenipokea nilipofika Amerika, akanivika koti lake mwenyewe. Anaishi Blaine, na jioni hakuna basi la kunifikisha kwake. Watu walikusanyika kwake kila siku kuomba na kuchanga ili mwili usafirishwe kuzikwa nyumbani. Mahali pangu palikuwa jikoni mwake, nikipika chai na kuosha vikombe... Badala yake nilijifungia chumbani nikilia. Aliponipigia, nilimwambia niko zamu mbili mfululizo.

Maneno yakaenea. Eti naringa. Eti nilikuwa nimekosana na marehemu. Niliyasikia yote nikanyamaza, kwa sababu uvumi huo ulinifaa kuliko ukweli.

Mwaka haukuisha, mama yangu mzazi akafa Kisii. Nikaazima viti, nikabandika sufuria kubwa ya chai, nikangoja. Jioni ya kwanza hakuja mtu. Ya pili alipita pasta na mkewe, wakaomba, wakaondoka. Ya tatu mlango ulibishwa... Kerubo, peke yake!

Nilishindwa kuendelea kudanganya. Nikamweleza yote, nikamwonyesha leseni yenyewe. Aliyasoma masharti, akanirudishia.

"Magari yalijaa kwangu hadi majirani wakalalamika," alisema. "Hungekosa mtu wa kuja kukuchukua. Si ungeniambia tu?"

Tulimwombea mama. Kisha akaingia jikoni, akaosha vikombe vyote, hata vile ambavyo havikutumika, akavipanga, akaenda zake. Hajanipigia tena.

Leseni kamili nilirudishiwa. Siku moja niliendesha hadi Blaine, nikakaa garini mbele ya nyumba yake, taa za sebuleni zikiwaka. Sikuweza kushuka.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilinifichua mbele ya viti vitupu. Ndugu zangu, ukinywa, mpe mtu ufunguo. Na kama umeshakosea, nakusihi, tafuta angalau rafiki mmoja umwambie leo... Mimi nilikuwa naye, na nikamwambia niko kazini.