Kufuli la Njia ya Bahari

Kila jioni baada ya madrasa, Mishi alimshika mkono bibi yake wakateremka baharini. Bibi Swabra alikuwa na magoti mabovu, na hakuna dawa aliyoiamini kuliko kusimama ndani ya maji ya chumvi na kulalamika kwamba yamepoa. Walipita kwenye kichochoro kilichoambaa na ukuta wa Klabu ya Mawimbi, hapo Likoni, ambacho mtaa mzima ulikiita Njia ya Bahari. Wakirudi, walimkuta Lynnette barazani na kitana chake, akimsubiri Bibi amsuke. Lynnette alikuwa jirani yao na ndiye aliyekaa dawati moja na Mishi pale shuleni, Gredi ya Sita.

Jumatatu hiyo hawakufika baharini. Kichochoro kilikuwa kimezibwa kwa geti jipya la chuma lenye kufuli kubwa, na juu yake kibao kilichoandikwa: WANACHAMA PEKE YAO. Mbele ya geti alisimama Kyalo, baba yake Lynnette, ambaye ni bawabu wa klabu hiyo.

"Shikamoo, Bibi," alisema Kyalo, macho yake chini.

"Marahaba, mwanangu. Tufungulie tupite."

"Siwezi, Bibi. Kamati imekataa. Wasio wanachama wazunguke kwa barabara kuu."

"Kwa magoti haya?" Mishi alifoka. "Na Siku ya Mwaka ni Jumamosi! Tutaoga wapi kuupokea mwaka?"

Bibi Swabra alizishika nondo za geti kwa mikono miwili, akatazama maji upande wa pili. Walipokaribia nyumbani ndipo hasira ilipomtoka.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe, Mishi. Mamangu alikuwa akifua mashuka ya klabu hiyo. Ufuo ule ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa na ndoo au na fagio, basi. Siku ya Mwaka tulisimama na vikanga vyetu pale pale, tukangoja mpaka Mzungu wa mwisho atoke majini ndipo turuhusiwe kuoga mwaka. Tulipopata Uhuru, mamangu alipita njia hiyo akicheka peke yake. Leo wameifunga tena!"

Mishi alipandwa na mori. Alitafuta mtu wa kumlaumu na hakwenda mbali, kwa sababu aliyemwona pale getini ni mmoja tu.

Asubuhi ya pili shuleni, alisukuma mabuku ya Lynnette yakaanguka sakafuni. "Hama hapa! Babako ametufungia bahari yetu. Kwani huko kwenu bara kuna bahari? Mmekuja juzi, leo mnatuwekea makufuli!"

"Mishi, baba ameandikwa tu..."

"Rudini kwenu!"

Wakati wa mapumziko alifanya jambo baya zaidi. Shule ilikuwa na mabomba mawili ya maji, yamesimama sambamba. Mishi aliokota chaki, akachora mstari mnene sakafuni katikati ya mabomba hayo. Upande wa bomba zuri aliandika PWANI. Upande wa bomba lililochuruzika kidogo kidogo aliandika BARA. Watoto wakacheka, wakajipanga. Ndiyo, walijipanga, kila mmoja upande wake, na hakuna hata mmoja aliyeona haya. Lynnette alitazama mstari ule, akarudi darasani bila kunywa.

Jioni hiyo barazani hakukuwa na mtu wala kitana.

"Mwenzio yuko wapi?" Bibi aliuliza.

"Nimemkomesha," Mishi alijibu kwa majivuno. Akasimulia yote, mstari, mabomba, na jinsi watoto walivyojipanga. Alitaraji kusifiwa.

Bibi Swabra aliinuka, magoti mabovu na yote. Mishi hakuwahi kumwona na uso ule.

"Hebu rudia. Umechora nini?"

"Mstari, Bibi."

"Wallahi, mtoto wa nyumba hii!" Bibi alipiga ukuta kwa kiganja. "Klabuni palikuwa na mabomba mawili. Moja la wenyewe, moja la watumishi. Siku moja nilikuwa na kiu, nikainama kwenye lile la wenyewe. Mamangu alinipiga kofi mpaka nikaona nyota. Unajua kwa nini? Kwa hofu! Mama mzima, anamwogopea mwanawe kwa sababu ya maji! Wazungu wale wamekwenda zao, bendera yetu inapepea shuleni kwenu kila asubuhi, na wewe umeyafufua mabomba yao kwa chaki!"

Mishi alianza kulia. "Lakini Bibi, Kyalo ndiye aliyefunga."

"Kyalo ameshika ufunguo. Umemuuliza nani aliyempa? Vaa viatu."

Walikwenda chumba cha tatu kutoka kwao, alichopanga Kyalo. Mishi alisimama mlangoni akamwomba Lynnette msamaha.

"Nilishinda na kiu siku nzima," Lynnette alisema. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

Mishi alitamani ardhi impasukie. Alimtazama Bibi, naye Bibi hakumsaidia.

"Kyalo," Bibi aliuliza, "ni nani aliyetoa amri hii?"

"Mwenyekiti mpya, Bibi. Bwana Mwinyihaji."

"Mwinyihaji yupi? Wa Nadira?"

"Huyo huyo. Anasema wanachama wanalipa ili wapate utulivu, hawataki kupishana na watu wa mtaani."

Mishi alipigwa na butwaa. Mwinyihaji alizaliwa na kulelewa mtaa huu huu. Nyumba ya mamake ilikuwa nyuma ya msikiti, na picha yake ilitundikwa shuleni kama mfano wa mtoto wa pwani aliyefaulu.

"Bibi," Kyalo alinong'ona, "Jumamosi alfajiri nitasahau kufunga. Mpite."

"Hapana. Utafukuzwa kazi na watoto watakula nini? Aliyefunga ndiye atakayefungua."

Kesho yake Mishi alibeba ndoo na brashi mpaka kwenye mabomba. Aliusugua mstari mbele ya shule nzima huku waliocheka jana wakimcheka yeye. Katikati ya kazi Lynnette alichukua brashi ya pili, akasugua upande wa pili. Hakumwangalia Mishi hata mara moja.

Jumamosi, jua lilipochomoza, akina mama wa mtaa waliteremka na leso zao, watoto na vyungu vya chakula kama ilivyo desturi ya Siku ya Mwaka, mwanzo wa mwaka wa Waswahili, ambapo watu huoga baharini na kuacha huko uchafu na maneno mabaya ya mwaka mzima. Walipofika getini wakakaa chini, kama walivyokubaliana na Bibi Swabra. Margret, mama yake Lynnette, alikuja na wenzake wa kanisani, nao wakakaa. Kichochoro kikajaa, barabara ikajaa. Magari ya wanachama yalipofika, hayakupata pa kupita.

Gari la Mwinyihaji lilipiga honi mpaka lilipochoka. Akashuka amekunja uso.

"Nani amewaleta hapa? Kyalo, waondoe!"

"Usimtume Kyalo," Bibi Swabra alisema akiwa amekaa. "Niondoe wewe."

"Bibi, shikamoo," Mwinyihaji alisema haraka. "Jamani, eleweni. Hii ni klabu ya wanachama. Ni kanuni ya tangu zamani."

"Ya zamani ya nani?" Bibi aliinuka, Mishi akimshika upande mmoja na Lynnette upande wa pili. "Mamako Nadira na mamangu walifua mashuka pamoja humo ndani. Siku kama ya leo walisimama hapa hapa, wakangoja Mzungu amalize kuogelea. Yule Mzungu alikuwa mgeni, hakutujua. Wewe unatujua, Mwinyihaji. Wewe unatujua kwa majina!"

Mwinyihaji aliwatazama wanachama waliokuwa wakingoja magarini, akawatazama wanawake waliokaa mchangani, wengine wao waliompakata alipokuwa mchanga.

"Haya, leo nitawafungulia," alisema.

"Leo?" Bibi alicheka kwa uchungu. "Sikuja kuomba leo."

Hakuna aliyeinuka. Mwinyihaji alisimama pale, jasho likimtoka asubuhi ile ya baridi. Mwishowe alinyoosha mkono, Kyalo akampa ufunguo. Alilitoa kufuli yeye mwenyewe, kisha akaking'oa kibao.

"Geti halitafungwa tena," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaiambia kamati."

"Tutakuja kila jioni kuhakikisha," Bibi alimjibu. "Nipe hilo kufuli."

Akina mama walipita wakipiga vigelegele. Bibi Swabra aliingia majini na wasichana wake wawili, leso ikielea ubavuni. Alimwekea Mishi lile kufuli kiganjani, zito na baridi.

"Mkoloni alituachia makufuli mengi, Mishi," alisema. "Mengine yako getini, hayo tutayang'oa. Mengine ametuachia vifuani, na hayo kila mtu ang'oe lake. Hasira yako ilikuwa ya haki, lakini ukaitupia mtoto mwenzako aliyekuwa na kiu. Kaa na kufuli hili. Siku utakapotamani kuchora mstari tena, lishike kwanza."

Mishi alilifunga kufuli kwenye pindo la leso yake. Kisha akateka maji kwa viganja, akamgeukia Lynnette.

"Nikuogeshe mwaka?"

Lynnette alifikiri kidogo, akamwinamishia kichwa.