Mwingine wa Cwmhelyg

Jina la kwanza kupotea lilikuwa la Emrys. Eluned Probert aliliandika Jumamosi mchana katika kitabu cha historia ya klabu ya raga ya Cwmhelyg, kijiji cha bondeni, klabu iliyokufa miaka kumi na moja nyuma kwa kukosa wachezaji. Alipotoka kuchemsha chai na kurudi, mahali pa jina la kaka yake palisomeka: Mwingine. Na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Uzee huo, dada," alisema Haydn, kapteni wa mwisho, aliyekuja kushusha picha ukutani kabla jengo la klabu halijabomolewa Jumatatu.

"Uzee ni wako, tumbo linakutangulia mlangoni." Akaliandika upya.

Moyoni hakucheka. Neno hilo alilijua tangu utotoni. Kila Alhamisi baba yake, katibu wa klabu, alibandika orodha ya kikosi dirishani kwa muuza nyama. Wachezaji wakipungua, kwenye nafasi tupu aliandika "Mwingine", na Jumamosi mtazamaji yeyote mwenye miguu alivalishwa jezi. Mwaka wa sabini na nne alijitokeza mtu asiyejulikana na yeyote. Akasukuma skramu, ule msukumano wa timu mbili vichwa chini, bega kwa bega na Emrys. Skramu ilipoporomoka, Emrys alikuwa amevunjika shingo, na yule mtu hakuonekana tena. Orodhani, hata hivyo, hakutoka. Kila aliyeondoka aliacha pengo lisilozibika. Akina Mwingine wakawa wawili, wakawa watano, wakawa tisa, mpaka klabu ikafungwa.

"Dada," Haydn alinong'ona. "Unasikia?"

Njumu zilikuwa zikigonga saruji ya ushoroba, polepole, zikitoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo ambacho mlango wake ulipigiliwa misumari siku nyingi, na nyuma ya mlio huo ikaja harufu ya dawa ya kuchua na tope bichi, ikawajaa puani mpaka macho yakawawasha, na pale mezani, wakiangalia, majina yakaanza kugeuka moja baada ya jingine, la Emrys, la Mostyn mwokaji, la Haydn mwenyewe, Mwingine, Mwingine, Mwingine, kana kwamba bonde lile halijawahi kuzaa watu.

"Tukimbie! Mwachie kitabu chake!"

"Kimbia wewe."

Hasira ya Eluned ilikuwa imeupita woga. Miaka thelathini aliwafulia wachezaji jezi zile za tope na damu. Alimzika kaka yake, kijana wa miaka ishirini na miwili. Sasa achukuliwe hata jina? Thubutu!

Baba yake alikuwa na desturi moja: mchezaji akiachwa kikosini, huambiwa usoni, si kwa kutumiwa mtu. Eluned akashika kalamu, akaufungua mlango wa ushorobani.

Jezi ilisimama pale, safi, imejaa kifua. Juu ya kola hapakuwa na kitu.

"Umeachwa," akasema. "Kapteni shahidi. Cwmhelyg huna nafasi."

Sauti nzito ikamjia karibu na sikio. "Nafasi haikai tupu, bibi. Atacheza nani?"

Haydn alifumba macho. Eluned akarudi mezani, akamkata Mwingine wa mwisho kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika jina ambalo orodha za klabu ile hazikuwahi kuwa nalo, kwa kuwa lilikuwa la mwanamke: Eluned Probert.

"Mimi," akasema. "Na nikifa, waulize wanawake wote wa bonde hili. Tumewafulia vya kutosha, sasa tunaingia. Hakuna pengo. Toka!"

Njumu zikasita. Kisha zikageuka, zikashuka ngazi, na mlango wa nje ukabamizwa. Haydn alipothubutu kutazama karatasi, majina yote yalikuwa yamerudi, na la Emrys limekaa mahali pake.

"Amekwenda, dada. Basi, njoo ukae."

Lakini Eluned alikuwa ameshafungua dirisha, akipiga kelele kuelekea uwanja ulioota magugu:

"Na jezi hiyo ni yetu! Ivue!"

Halafu, katikati ya uwanja, jezi ikaanguka majanini, tupu.