Chai Bado Sijanywa

Ulikuwa msimu wa mitihani, na kaunta ya kiwanda cha uchapaji ilikuwa imefurika walimu wakuu, kila mmoja akidai kurasa zake zitumwe kabla ya za mwenzake. Programu ya barua pepe ilikuwa imeganda tangu saa tatu. Nyuma ya kaunta, msahihishaji mkuu alikuwa akiigonga kibodi kama anayetwanga. Ofisi nzima ilimwita Kalamu Nyekundu, kwa ile kalamu iliyokaa kwenye nywele zake daima na kwa ulimi wake pia. Siku hiyo alivaa gauni la zambarau, miwani kaipandisha kichwani, na hasira zake zilikuwa zimefika kooni.

"Kompyuta imekufa?" sauti ya kiume iliuliza.

"Haijafa. Imeniudhi tu."

"Sogea kidogo basi, dada'angu."

"Dada yako yuko kwenu. Mimi nataka hizi kurasa ziende."

Yule mwanamume alicheka bila kutoa sauti. Alikuwa mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, na shada la funguo kiunoni. Ndiye fundi mpya wa seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, ana siku mbili tu kazini. Akainama kando yake akafungua skrini nyeusi isiyo na picha hata moja, akaandika neno *mail*, akaweka anwani, akafungasha faili, akabonyeza. Mwalimu mkuu wa kwanza akaitazama simu yake palepale kaunta: zimefika.

"Hivyo tu?" Kalamu aliuliza. "Bila hata kitufe cha kutuma?"

"Skrini hii haina madaha, unaiamuru kwa maneno. Na sikiliza: kila mtu hapa ana sanduku lake ndani ya seva. Asubuhi ukiingia kwenye seva kuchukua kurasa, ukiona mstari umeandikwa 'Una barua', andika *mail* utazisoma. Barua hizo hazitoki nje ya jengo hili."

"Sawa, sawa," alijibu, lakini masikio yalikuwa kwa walimu waliokuwa wakipiga kelele, na macho, tuseme ukweli, yalikuwa kwenye vidole vya Fundi.

Mapenzi hayana hodi. Wiki ya pili walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja, wiki ya nne simu zao zilikuwa hazipoi. Fundi hakuwa msemaji. Ukimtazama usoni maneno yalimkimbia, akabaki kuzungusha funguo zake. Lakini kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, simu ya Kalamu ililia na barua pepe ikaingia. *Malkia wangu, umeamkaje? Jua limechomoza, lakini mimi nakusubiri wewe.* Kalamu alizijibu kwa vipicha vya mioyo, kisha akamtumia dada yake mkubwa azione.

"Umeziona barua zangu?" Fundi alimuuliza siku moja, akitazama viatu vyake.

"Nimeziona, mpenzi. Tamu kweli."

Fundi akasubiri aongeze neno. Hakuongeza, na Fundi akarudi chumba cha seva.

Kwa ajili ya barua hizo, Kalamu aliukataa ukubwa. Meneja alitaka akaongoze tawi jipya katika mji mwingine, cheo alichokiota miaka sita. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu meneja alimwekea karatasi mezani: "Ijumaa saa kumi nataka sahihi au nataka hapana. Sitakubembeleza tena."

Jumanne ya wiki hiyo ilikuwa sikukuu. Asubuhi na mapema Kalamu akampeleka Fundi kwa dada ili atambulishwe. Dada, mama wa watoto wanne, mjane asiyependa kuzungushwa, aliandaa chai ya nguvu. Fundi alikunywa kikombe, akaongezwa, akanywa cha tatu. Kisha akainuka, akakunja mikono ya shati na kuosha vyombo. Dada akamkonyeza mdogo wake: huyu anafaa.

Ikagonga saa mbili kamili. Simu ya Kalamu, iliyokuwa mezani, ikalia.

"Nani tena asubuhi hii?" Dada aliichukua. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma hukumu. "'Mpenzi wangu, ndiyo kwanza nafika kazini. Hata chai bado sijanywa, nimekukumbuka wewe kwanza.'"

Kikombe kikateleza kwenye povu. Fundi aligeuka, mikono imejaa sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji," alisema Dada, "hii umeiandika kwa miguu?"

Kalamu akaichukua simu, akaisoma mwenyewe. "Nieleze."

"Mpenzi, ni... Mashine ina saa yake ndani. Unaiachia kazi, inaifanya kila siku. Niliandika mistari tisini kwenye faili, yenyewe inachagua mmoja. Nikaiambia siku za kazi tu. Sikukumbuka kwamba haijui sikukuu."

"Tisini!" Kalamu alisimama, kiti kikaanguka. "Miezi mitatu nalala na simu kifuani, kumbe nabembelezwa na kengele! Nimemtambia dada yangu! Nimekataa cheo, wewe! Nimekataa cheo kwa ajili ya faili!"

"Cheo gani?"

"Toka!"

"Nisikilize kidogo, nakuomba..."

"Toka kabla sijakumwagia hayo maji!"

Akatoka na povu lake mikononi. Jioni alipiga simu mara saba. Ya nane Kalamu aliipokea ili apate pa kumwagia hasira.

"Umechoka kupiga, au na hii unapigiwa na mashine?"

"Ni mimi mwenyewe. Nina swali moja tu. Na zile nyingine je?"

"Zipi nyingine? Za mwakani?"

"Kwa hiyo zile nazo..." Sauti yake ikabadilika, ikaingia ukali ambao Kalamu hakuwahi kuusikia. "Basi. Kama hata zile kwako ni sawa na hizi, mimi sina la kusema."

"Umekosa mstari wa tisini na moja?" Kalamu akamkatia simu. Kisha akaifungia anwani yake isimfikie tena. Alilia kwa hasira, kilio kile kisichopunguza kitu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye, anayelipwa kunusa sentensi isiyo na mtu ndani yake, alizisoma hizo miezi mitatu asinuse kitu.

Ijumaa asubuhi alifika kazini na kalamu mkononi badala ya kichwani. Angesaini. Angeondoka, na Fundi abaki na saa yake. Akaingia kwenye seva kuchukua kurasa zake za mwisho, na pale juu, kama kila siku, ule mstari: *Una barua.*

Aliuona kila asubuhi kwa miezi mitatu, na kila asubuhi aliupita, akidhani ni porojo za mashine. Leo ulimkera. "Hata wewe!" aliifokea skrini, na ili aufute tu, akaandika *mail*, akabonyeza.

Orodha ikashuka. Ikashuka tena. Barua sitini na tatu, zote za Fundi, zote hazijasomwa. Hakuna hata moja iliyotumwa saa mbili kamili. Moja ya saa tano na dakika saba, moja ya saa tisa kasorobo, siku nyingine mbili kwa mpigo.

*Leo mama hakunitambua sauti kwenye simu. Ameniuliza wewe ni nani baba. Nimejificha chumba cha seva, feni za humu zina kelele mtu hasikii ukilia. Nimetaka ujue wewe tu.*

*Ukinitazama nasahau maneno. Humu nayapata. Ndiyo maana naandikia humu, humu hapiti mtu mwingine.*

*Barua ya kumi na nne hii hujajibu hata moja. Labda nakuchosha. Nimekutengenezea fupi za kwenye simu, mashine inazituma, naona hizo unazijibu na mioyo. Sawa. Ila humu nitaandika mwenyewe hata usipojibu.*

Kalamu aliisogelea skrini. Alimkasirikia mwanamume aliyeweza kuandika haya na asiweze kufungua mdomo. Halafu akajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyokuwa kali: alipewa moyo wa mtu akaupita kama tangazo, akaibusu kengele.

Ya mwisho ilikuwa ya jana.

*Meneja kaniambia habari za tawi. Usikatae kwa ajili yangu. Seva hii naweza kuitunza hata nikiwa mji mwingine. Ukitaka nikufuate niambie neno moja. Usipotaka sitakusumbua tena.*

Kalamu aliandika *mail*, akaweka jina la Fundi, akaanza kujibu. Aliandika dakika ishirini bila kufuta neno. Alipomaliza alibonyeza. Mstari ukaruka, mashine ikamtazama. Akabonyeza tena, ikaruka tena. Akanyakua simu, akampigia Fundi.

"Barua yako haiendi!"

"Barua gani?"

"Nimemaliza kuandika na hili dude limenikodolea macho! Nani alitengeneza kitu kisichojua mtu amemaliza?"

"Unaandika kwenye seva? Umezisoma?"

"Sitini na tatu! Mbona hukuniambia, mjinga wewe? Una mdomo wa nini?"

"Nilikuambia siku ya kwanza! Na nilikuuliza, ukasema tamu kweli! Miezi mitatu nimeongea na ukuta!" Sasa naye alikuwa akipiga kelele, na chumba cha masahihisho kizima kilikuwa kimeweka kalamu chini. "Mama yangu ananisahau, na wewe unanirushia vimoyo!"

Kalamu alifumba macho.

"Nisamehe," alisema. Neno hilo lilimtoka kwa shida, hakulizoea. "Sasa niambie naimalizaje."

"Weka nukta peke yake kwenye mstari. Kisha bonyeza."

"Nukta tu?"

"Nukta tu."

Akaiweka, akabonyeza, simu akaikata. Kisha akaivuta karatasi ya meneja akatia sahihi, kubwa kuliko kawaida yake. Mle ndani ya barua alikuwa amemwambia: anakwenda, afuatwe, kesho aende kwa dada kuposa kama watu, na kwa mama yake wataenda wote wawili, akisahaulika mmoja, mwenzake atamtambulisha. Akakaa akiitazama skrini. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Alianza kukasirika upya.

*Una barua.*

*Nakuja kesho. Ndiyo kwa yote. Mwambie dada aandae chai na leo ni kweli bado sijanywa.*

Palitakiwa mkato kabla ya "na". Kalamu aliliona kosa hilo, akaliacha, akairudisha kalamu kwenye nywele.