Ufa Uliozibwa kwa Bukari

Kila nikitoka shuleni kazi zangu zilikuwa zilezile: kuteka maji, kuosha vyombo vya asubuhi na kumchunga mdogo wangu Félix asikimbilie ziwani. Ijumaa moja ya Januari, Papa aliniongezea nyingine. Mtumbwi wetu wa mbao ulikuwa na nyufa tatu, na kesho yake tulitaka kuvuka kwenda Kamatete, kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji wetu wa Nchelenge. Mama alikuwa ameacha huko mikeka ya matete anayoanikia chisense, vile visamaki vyetu vidogo. Uvuvi ulikuwa umefungwa tangu Desemba ili samaki wazaliane, kambi ya kisiwani ilikuwa tupu, na mikeka ikikaa mvuani inaoza. Papa alinipa pamba na kopo la lami. Maelekezo niliyajua: sokomeza pamba kwenye ufa mpaka igome, yeyusha lami, mimina ingali moto.

Sasa niwaambie ukweli, maana siku ile sikuusema. Rafiki yangu Tamara alikuwa amenisuka nywele nikaimbe kanisani Jumapili, na moshi wa lami ukiingia kwenye nywele hautoki wiki nzima. Nyufa mbili niliziziba vizuri, nikiwa nimefunga kichwa kwa kitenge. Wa tatu ulikuwa chini ya kiti cha mbele, mahali pa kuinamia sana, moshi wote usoni. Uvivu ukanishika. Nikachukua bukari baridi, ugali wetu wa muhogo unaonata kuliko gundi, nikaukandamiza ndani ya ufa. Kisha nikaupaka masizi ya sufuria na mafuta kidogo, ukang'aa mweusi kabisa.

Papa alikuja kukagua. Alibonyeza ufa wa kwanza kwa kidole gumba, zile nyingine akaziangalia tu. Akasema nimefanya kazi ya fundi, na wakati wa chakula akalirudia neno hilo mbele ya majirani. Mimi nilikula kichwa chini.

Jumamosi tuliondoka mapema. Tanga letu ni magunia manne ya unga yaliyoshonwa pamoja, na upepo ulilijaza vizuri. Lakini upande wa Kongo mawingu yalikuwa mazito, na Papa, ambaye huimba kila akishika kasia, hakuimba. Félix alikaa kiti cha mbele. Tulipofika katikati ya ziwa akalalamika kwamba miguu yake inalowa. Papa akamtania kwamba mtumbwi usiolowesha miguu bado haujachongwa. Félix akacheka. Mimi nilichukua kopo, nikachota maji, nikamwaga, nikachota tena, macho yangu yote chini ya kiti kile.

Tulipotia nanga Kamatete, visamaki vilikuja kujazana kwenye ncha ya mtumbwi. Vilikuwa vinadonoa mbao. Chembe nyeupe zikaelea juu ya maji, vikazigombania. Nilijua vinakula nini.

Tulipanda kwenye kambi kutafuta mikeka. Vibanda vilikuwa wazi, maplastiki ya paa yakipigwapiga na upepo, na ndala moja ya mtoto ilikuwa kwenye majivu ya jiko. Hata ndege sikuwasikia. Félix alikimbia mbele, akaita kwamba amepata mtumbwi. Tulimkuta amesimama ndani ya mtumbwi wa zamani uliovutwa mpaka kwenye nyasi, mzimamzima, kopo la kuchotea maji bado limefungwa kwa kamba.

Papa akatueleza kwamba ulikuwa wa Patson, aliyekuwa akisali nasi. Miaka miwili iliyopita alitoka na mwanawe. Upepo ulileta mtumbwi hapa peke yake, umejaa maji. Sababu ilikuwa ufa mmoja tu, mwembamba, ambao Patson aliuona mdogo akasema atauziba wiki ijayo. Félix akainama, akaingiza kidole kwenye ufa ule, kikaingia chote.

"Papa, na mutoto yake alienda wapi?" akauliza.

Papa alimshika mkono akamshusha, akasema tufanye haraka kabla mvua haijafika.

Tulibeba mikeka. Mara tatu nilifungua kinywa, mara tatu nikakifunga. Ningesemaje? Jana nilikuwa fundi mbele ya majirani wote. Labda bukari itashika, nilijiambia. Labda nitachota maji haraka. Papa akampandisha Félix kwenye kiti cha mbele, akampa mikeka aishike, akaanza kuusukuma mtumbwi. Maji yalimfika magotini. Nyuma yake anga ilikuwa nyeusi tii. Nikamwangalia Félix, miguu yake iko juu ya ufa ule, nikaishika kamba ya mtumbwi kwa mikono miwili.

"Papa, usisukume. Chini ya Félix haiko lami. Ni bukari."

Papa alisimama. Kwanza alimtoa Félix, akamweka mchangani. Kisha akainama, akabonyeza ule weusi kwa kidole gumba. Kidole kikapita mpaka nje, na maji yakaingia kwa nguvu.

Hakunipiga, hakunigombeza. Tuliuvuta mtumbwi juu, tukajibanza kwenye kibanda, na dhoruba ikashuka. Ziwa lote likawa jeupe. Nchelenge haikuonekana, hata matete ya ufukweni hayakuonekana. Kama nisingesema, saa ile tungekuwa katikati. Nililia mpaka nikaishiwa machozi, na Papa alikaa tu akimkumbatia Félix. Afadhali angenichapa.

Mvua ilipopungua alikwenda kwenye mtumbwi wa Patson, akakwangua lami kavu ya zamani, akaijaza kwenye kopo. Akawasha moto kibandani, akanipa lile kopo. Pamba haikuwepo. Nilivua kitenge cha kichwani, nikakichana vipande vyembamba, nikavisokomeza mpaka vikagoma. Nikainama chini ya kiti, kichwa wazi, nikamimina lami. Moshi ulinijaa macho, pua na nywele zote za Tamara. Ilipopoa, Papa alibonyeza ufa wa kwanza, wa pili na wa tatu.

"Jana nilibonyeza ufa mmoja, nikasifu zote tatu," alisema. "Hilo ni kosa langu. Na wewe, Cadette, unisikilize. Kazi mbaya tunaweza kuitengeneza. Umeona, leo tumeitengeneza. Lakini ile unayonyamazia nitaitengeneza namna gani? Siijui. Ukiharibu, uniambie siku ileile, hata nikikasirika. Hasira yangu itapita."

Nilimwahidi.

Tulipokuwa tayari, Félix alitaka kwenda kwenye kiti chake. Papa akamrudisha nyuma, akaniambia mimi nikae mbele. Nilikaa, nyayo zangu juu ya ufa wangu, nikiuangalia njia nzima. Papa alianza kuimba tulipoona mapaa ya Nchelenge. Nilishuka miguu ikiwa mikavu.