Anwani Aliyoitoa Jackline

Kila Jumamosi Jackline alifagia ua wa nyumba yao huko Soweto, jijini Mbeya, akalisha kuku, kisha akapangusa vumbi kwenye kompyuta ndogo ya baba yake mdogo, Rabson. Ndani yake mlikuwa na picha za ukoo mzima, na ndiyo iliyoendesha kamera ya uani. Aliyetaka kuziona picha au kamera akiwa mbali alipitia kwanza seva, kompyuta ya mbali aliyoikodi Rabson. Huko ndiko alikoulizwa nywila, na seva hiyo ilificha anwani ya intaneti ya nyumbani.

Shangazi Yusta wa Iringa hakuipenda njia hiyo. Picha za harusi zilichelewa kufunguka, akalalamika kwenye kundi la ukoo kwamba siku hizi ndugu wanasimamishwa getini kama wachuuzi. Jackline akaona aibu. Kwao mgeni hapigi hodi mara mbili. Rabson alipokwenda kazini, Jackline akafungua njia ya moja kwa moja hadi kompyuta ya nyumbani, isiyopitia seva wala kuuliza nywila, kama alivyowahi kumwona akifanya, akaitupa anwani kundini. Na kundi lile, neno likitoka asubuhi, mchana liko Chunya.

Mchana huohuo maneno yakatokea chini ya picha ya harusi, na mwandishi hakuwa na jina: "Sweta la kijani limekupendeza. Leo umeachwa na kuku tu?"

Jackline akajitazama. Sweta lilikuwa la kijani. Akakimbilia jikoni na kujibanza nyuma ya mlango. Akisema, atagombezwa. Akinyamaza, yule mtu ataendelea kumtazama. Akampigia Rabson.

"Baba mdogo, nimefungua njia. Ni mimi. Kuna mtu ananiona."

Rabson akasema, "Chomoa kompyuta ukutani, mwanangu. Halafu nenda kwa jirani, Mama Goodness. Usikae peke yako."

Alichomoa, akatoka mbio bila viatu.

Rabson alirudi, akaifunga njia ile, akabadilisha nywila, akaomba anwani mpya kwa watu wa intaneti, kisha yeye na Jackline wakaenda polisi kutoa taarifa. Yule mtu hakuandika tena.

"Ukarimu ni mzuri," Rabson alimwambia wakirudi, "lakini hata sisi mgeni tusiyemjua tunampokea stendi kwanza, tukamfahamu, ndipo tunamleta nyumbani. Seva ile ndiyo stendi yetu. Kosa umelifanya, na nimekasirika. Ila ungelificha hadi kesho, angekutazama hadi kesho. Ukiogopa, sema mapema."