Kiti cha Symphorien

Jumatano asubuhi kiti kilichokuwa nyuma ya Albertine kilikutwa kimelowa. Ilikuwa Julai, mji wa Likasi ulikuwa haujaona mvua tangu Aprili, na paa la maktaba ya utafiti lilikuwa zima kabisa. Lakini kiti kilinuka udongo mbichi, na chini yake kulikuwa na tope lenye chenga za kijani, kama lile la machimbo ya Kambove.

Albertine alilipangusa tope upesi kwa kitenge chake kabla wenzake hawajaingia, maana alikuwa na siri na kiti kile. Mwaka ule wa 1994 wakubwa walikuwa wamewasahau walimu kwa kila kitu isipokuwa semina ya likizo humo maktabani: wiki nzima ya kusomeshwa ramani za mawe, ukikosa siku moja hupati cheti, na bila cheti Septemba huna darasa. Jumatatu, Symphorien, mwenye kiti kile, waliyefundisha naye shule moja, alimvuta pembeni.

"Albertine, minye naenda kuchimba Kambove, batoto iko na njala. Weye uniitikie tu. Lambert hainuaka macho."

Kweli, Lambert, mtunza maktaba, aliita majina huku uso umezama kwenye orodha. Jina la Symphorien lilipofika, Albertine akakaza sauti ya kiume, "Présent!", yaani nipo. Wenzake wakacheka chini kwa chini. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mchezo uleule.

Alhamisi jina la Symphorien lilipoitwa, kabla Albertine hajafungua mdomo, nyuma yake kukajibiwa, "Présent." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayesema huku anatafuna. Akageuka kwa furaha, jamaa amerudi! Kiti kilikuwa kitupu, kinachuruzika maji. Safari hii hakuna aliyecheka.

Saa sita mchana akaingia Rosalie, mke wa Symphorien, amejifunga kitambaa cha msiba. Shimo lilikuwa limemfukia mumewe tangu Jumatatu jioni. Albertine akaanguka magotini, akakiri yote.

Rosalie alimtazama kwa chuki isiyo na chozi.

"Siku tatu tulimuita juu ya lile shimo," akasema polepole, "hakuitikaka. Kumbe alikuwa huku, ni weye ulimuitikia."

"Unisamehe, Mama."

"Minye? Umuombe yeye."

Lambert akalifuta jina kwa wino mwekundu, mistari mitatu. "Imeisha," akanong'ona. "Hapa iko séminaire, haiko makaburi."

Ijumaa, siku ya vyeti, kiti kilikuwa kikavu. Albertine alimshukuru Mungu, akaketi. Lambert akaanza kuita, akaliruka jina lililofutwa, akafika linalolifuata.

"Albertine!"

Akafungua mdomo, na mdomo ulikuwa umejaa, udongo mbichi wenye chenga, akajaribu kuutema ukazidi kushuka kooni, akataka kuinua mkono na mkono ukagoma kana kwamba umekaliwa na mtu, akamkodolea Lambert macho, ainue uso, mara moja tu, mara moja tu katika maisha yake ainue ule uso, na nyuma yake, juu ya kile kiti kikavu, sauti yake mwenyewe, nyororo, ya mwalimu wa darasa la kwanza, ikaitika:

"Présente."

Lambert akaweka alama, akaita jina lililofuata.